Trekta na Shoka, Nani Zaidi?

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulicholalamikia kimeshakuachia. Wifi hajambo? Na watoto? Mwambie wifi gauni lake limekwisha, bado vifungo tu. Asinione mvivu, sare za shule zimenifunika hadi kichwani msimu huu. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Baba, ambaye ni mzima wa mwili tu.

Uliniuliza kwenye simu kama bado anatutambua, nami nikajidai mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa salama. Siku moja ananiita Mama, siku nyingine ananiita nesi. Juzi alinisifu kwa ushonaji wangu, kisha akaniuliza wazazi wangu wanaishi wapi. Nilicheka mbele yake, nikaenda kulia jikoni. Daktari anasema ni zile ngumi za ujanani, alizila zote na sasa ndizo zinazomla yeye.

Sasa niache kuzunguka. Mama alipofariki uliniagiza kwamba Shoka, mpinzani wa Baba wa ulingoni, asikanyage nyumba hii, na kaka, ninakuelewa. Ulikuwa mtoto, umeketi safu ya mbele, ukaona Baba akiangushwa raundi ya tisa na machela ikapita karibu na magoti yako. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe uko mbali, na mimi ndiye niliyebaki na mzee asiyetamka neno tangu asubuhi hadi jioni. Jumamosi moja Shoka alipobisha hodi, kofia mkononi, nilimfungulia.

Hawakusalimiana. Baba alimtazama akiwa kitini, akamwambia kwamba mapambano thelathini na moja si rekodi, ni mazoezi. Kaka, nilidondosha mkasi. Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili kwa muda mrefu.

Tangu hapo Shoka akawa anakuja kila Jumamosi, na kazi yao ni moja tu, kubishana nani zaidi. Baba alipanda ulingoni mara arobaini na nne, akashinda thelathini na tano. Shoka alishinda ishirini na nane katika thelathini na moja zake, karibu zote kwa KO. Shoka anasema bora ni aliyepoteza machache. Baba anasema bora ni aliyepigana na kila aliyeletwa, kwani Shoka alikuwa akichagua wapinzani kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Wao wenyewe walikutana mara tatu. Pambano la kwanza alichukua Baba kwa pointi, la pili ni lile la machela, na la tatu majaji walimpa Shoka, jambo ambalo Baba hajawasamehe hata wale waliokwisha kufa. Shoka akitaja raundi ya tisa, Baba anasema aliteleza. Chai inapoa, mimi nashona na kujifanya sisikii. Mtu aliyesahau jina la mwanawe anakumbuka refa wa kila pambano.

Hapo ndipo huruma yangu ikaniponza. Niliona Baba anavyotetemeka kwa ubishi, nikamvuta Shoka pembeni nikamwomba afunike kombe mwanaharamu apite: akubali tu kwamba Baba, Trekta wa enzi zile, alikuwa zaidi, mzee apumzike. Hakupenda. Lakini nilimsihi sana, na Jumamosi iliyofuata akaketi, akasema kwa upole kwamba amefikiri, na kwamba lile pambano la tatu lilikuwa la Baba.

Baba alimkagua usoni, akatazama mikono yake, kisha akanigeukia mimi. "Huyu mzee ni nani? Shoka hawezi kunikubalia."

Hakusema tena siku ile, wala hakula. Shoka alipokuwa anatoka alisimama mlangoni akiizungusha kofia yake mikononi. "Binti yangu," aliniambia, "ulingoni nilimpiga, lakini sikuwahi kumdharau. Leo umenifanya nimdharau." Nilitamani ardhi inimeze. Safari iliyofuata aliingia akiwa tayari anafoka, kwamba mtu aliyepoteza mapambano yote yale angekaa kimya mbele za watu, na Baba akainuka kitini peke yake, bila mkono wangu, ili amjibu.

Sasa kaka, kaa chini kama umesimama. Mwezi uliopita Jumamosi ilipita bila Shoka. Nilimkuta njia panda ya pale chini, ameketi kwenye jiwe, hajui kama alikuwa anakuja kwetu au anarudi kwake. Mkewe alishafariki, wanawe wako mbali kama wewe. Jirani yake aliniambia amekwisha kuunguza masufuria kwa kusahau jiko. Miaka yote hii tulihesabu ngumi alizopiga Shoka. Hatukuhesabu alizopiga Baba.

Nimempa chumba chako. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua utakataa, na ningekutii. Nguo zako nimezifua na kuzikunja, ziko kabatini kwangu. Maji yakishamwagika hayazoleki, na hata yangezoleka nisingeyazoa. Nikasirikie unavyotaka, lakini ukasirike ukiwa hapa.

Nakuomba uje. Ukifika, usianze kumwambia Baba kwamba wewe ni mwanawe, atakutazama kama mgeni na utaumia bure. Vuta kiti ukae kati yao, useme Shoka alikuwa zaidi. Najua maneno hayo yatakukwama kooni. Yaseme hivyo hivyo. Baba atakugeukia, na atazungumza nawe mpaka jua lizame.

Wasalimie wifi na watoto, umbusu mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Baba hajambo. Shoka naye anakusalimu, ingawa hukumuulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi