Stoo Yenye Dirisha

Jumatano, 15 Mei 1991

Ramani ya nne. Karatasi ya kaki ileile ninayokatia vipimo vya nguo, tepu, rula, chaki. Inchi moja ni nusu mita. Kaka Idrisa anasema mtu anayeweza kukata suti hawezi kushindwa na nyumba. Mchoraji wa mjini alimzungusha wiki tatu, sasa kazi imeniangukia mimi, katikati ya sketi za shule za watu.

Leo wifi Hadija ametaka jiko lihamie uani, moshi usiingie vyumbani. Sawa. Kaka anataka sebule ya mita sita. Yeye anaiita saloni. Watu wa maulidi wakae humo wote bila kubanana. Sawa.

Nimepanga watu. Mbele, saloni na chumba cha Kaka na wifi. Nyuma, wavulana wawili chumba chao, wasichana wawili chumba chao. Katikati yao korido ya mita moja, wanawake wapite kwenda uani bila kuonwa na wageni wa kiume. Jumla watu sita. Sisi tuko saba.

Wa saba ni mimi. Nilirudi hapa mtaani Biryogo na talaka yangu miaka saba iliyopita, na mpaka leo nalala na wasichana wa Kaka, kitanda cha chini. Hakuna aliyetaja mimi nitakaa wapi. Nimengoja ramani nne. Kuuliza siulizi. Nina kiburi, najua.

Mwisho wa safu ya nyuma palibaki mita mbili. Nimeandika "stoo". Nikaiwekea dirisha.

Jumamosi, 18 Mei

Kaka amekagua ramani baada ya adhuhuri, miwani puani kama kadhi. Amepita chumba hadi chumba kwa kidole. Kwenye stoo kidole kikasimama. Stoo kubwa hivi ya nini? Nikasema magunia, makaa, cherehani yangu. Wifi akauliza na dirisha je. Nikasema maharage yanataka hewa, yasipopumua yanaharibika. Wakacheka. Nami nikacheka.

Uongo ulinitoka laini kabisa. Naona aibu, lakini si kwa uongo wenyewe. Naona aibu kwamba nimejiita maharage.

Jumanne, 21 Mei

Saruji hakuna. Tangu vita vianze kaskazini barabara ya Uganda haipitiki, na kidogo kinachopatikana kinagombaniwa kabla hakijashushwa. Kaka anauza vipuri vya baiskeli kwenye stendi ya Nyabugogo, anaona kwa macho yake. Basi msingi utakuwa wa mawe na udongo, saruji juu tu. Kuta za rukarakara, yale matofali mabichi, fundi atayafyatua palepale kwenye kiwanja chetu Kimisagara.

Kaka amefuta baraza. Stoo imepona. Nimefurahi kama mwizi aliyepitwa na polisi.

Jumatatu, 27 Mei

Kiwanjani. Fundi Kasiyani amemaliza kuchimba shimo la choo. Akaanza kupanga mbao ili mtu akichuchumaa atazame bondeni. Bonde lile liko kaskazini, yaani kibla. Kaka alimpigia kelele kutoka juu ya mteremko. Fundi ni Mkatoliki, maskini, hakujua kosa lake ni lipi. Nikamweleza taratibu kwamba chooni hatuelekei kibla.

"Kumbe kwenu hata choo iko na adabu yake," akasema. Akageuza mbao zote bila kununa. Nampenda fundi huyu.

Wakati anazigeuza mimi nilikwenda kusimama pale stoo itakapokuwa. Nyabugogo yote iko chini, mabasi na makelele yake, lakini kwa mbali. Nikapanga kitanda kwa macho. Cherehani hapa, rafu ya vitambaa pale. Nina miaka thelathini na sita. Kwa mama nililala na dada zangu, kwa mume nililala na mume, kwa Kaka nalala na watoto wake. Sijawahi kufunga mlango nikabaki peke yangu.

Jumamosi, 1 Juni

Siku mbaya.

Fundi alikuja kufunga kamba za kupimia msingi. Alitazama ramani yangu muda mrefu, akaigeuza, akaigeuza tena. "Dada, ukuta iko wapi?" Nikamwonyesha mstari. Akatikisa kichwa. "Oya. Hii ni chaki tu. Ukuta iko na unene yake."

Tofali moja la rukarakara na plasta ya pande mbili, robo mita. Mimi sikuhesabu hata ukuta mmoja. Na kiwanja hakina pa kujitanulia, kulia mfereji, kushoto jirani. Upana ni mita tisa, ndizo hizohizo.

Mimi. Mimi ambaye kila nguo naiachia nafasi ya mshono, ambaye nimewafokea wote wanaojifunza kwangu kwa kosa hilohilo. Kaka alicheka mpaka akakaa juu ya mawe. Akasema leo ndiyo amejua kwa nini suruali zake zinambana.

Kisha ikaja hesabu, na kicheko kikaisha. Safu ya mbele ina kuta tatu, saloni ikapungua robo tatu ya mita. Kaka aliuma meno akakubali. Safu ya nyuma ina kuta tano. Hapo imekwenda mita moja na robo. Korido haiguswi, ndiyo stara ya nyumba. Vyumba vya watoto vina vitanda vinne. Kaka akasema stoo ndiyo ibebe. Stoo ya mita mbili imebaki sentimita sabini na tano. Ndoo na fagio.

"Toa tu," Kaka alisema. "Makaa itakaa jikoni."

Nikaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 2 Juni

Sikutoka. Nimeshona sketi nane na kuvunja sindano mbili. Nina hasira na fundi. Nina hasira na udongo. Uongo. Nina hasira na Kaka. Kila siku anatupakulia watu saba, hakosei hata siku moja, mpaka vipande vya nyama anavigawa sawa.

Jumanne, 4 Juni

Ramani ya sita. Safari hii kuta nimezichora nene, na nimeanza kuiba. Sentimita thelathini kwa wavulana. Thelathini kwa wasichana. Stoo ikafika mita moja na kitu. Kitanda kinaingia, mlango haufunguki. Nikaugeuza mlango ufungukie nje, sasa unaziba korido. Nikarudi kuwabana wasichana tena, mpaka nikaona ili mmoja ashuke kitandani itabidi mwenzake apande.

Nimeichana. Watoto hawa nimewaogesha mimi. Sitaki chumba nilichowaibia.

Ijumaa, 7 Juni

Kaka alikuwa msikitini. Mimi na wifi tulikuwa uani tunachambua majani ya muhogo. Sijui nini kilinipata. Nikamwambia ile stoo haikuwa ya maharage, ilikuwa yangu.

Wifi akaacha kuchambua. Akaniangalia kama mtu aliyekalia miwani ya mwenzake. Kisha akasema yote.

Kaka amenitafutia mume. Mgane wa Butare, ana duka la sabuni na chumvi, watoto wake wakubwa. Mazungumzo yalianza Ramadhani. Hesabu yao ni kwamba mabati yakipanda juu mimi nitakuwa nimeshakwenda kwangu.

"Sisi tulijua unajua," wifi alisema. "Ulichora nyumba yote bila kuweka chumba yako. Kaka yako akasema, ona, amekubali, ni haya tu."

Huyo mgane namkumbuka. Alileta kanzu yake ya zamani niipime nimshonee nyingine, kisha akakaa mlangoni nusu saa nzima bila sababu. Nilidhani ni mteja asiye na kazi. Na kanzu nilimshonea vizuri sana, nikaweka na urembo shingoni ambao hakuuomba. Hata hilo labda limehesabiwa.

Wifi alilia kidogo. Mimi sikulia. Tulimaliza majani.

Jumamosi, 8 Juni

Sikushona kitu leo.

Mwanamwali akiulizwa habari ya mume akanyamaza, kimya chake kinatosha, ni ndiyo. Kaka anajua, mimi najua, tulisomea chuo kimoja, mkeka mmoja. Lakini mimi si mwanamwali. Aliyekwisha kuolewa lazima aseme kwa mdomo wake. Hilo pia tulilisoma, mkeka uleule. Kaka amelisahau. Lakini siwezi kumtupia lawama yeye peke yake. Alipokagua ramani alikuwa ananiuliza, na mimi nikamjibu habari za maharage.

Nimejiuliza kwa haki kabisa. Je, namtaka? Si mtu mbaya. Ana adabu, anavaa safi. Simtaki. Sitaki tena kujifunza mtu anapenda chumvi kiasi gani.

Na naogopa. Nikikataa na Kaka akashikilia, sina pa kwenda. Mama hayupo, na dada zangu wako kwa waume zao. Nimeliandika ili nilitazame vizuri. Sina pa kwenda.

Jumatatu, 10 Juni

Nimesema.

Ilikuwa baada ya alasiri, Kaka anakunywa chai ya maziwa. Nilitandika ramani mbele yake nikasema mgane simtaki na chumba nakitaka.

Kaka aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Mimi nikikufa leo, utabakia na nani? Si unaona vile dunia iko?"

Sikutegemea hilo. Muda wote nilidhani ananipunguza. Kumbe anaogopa. Anapita vizuizi barabarani asubuhi na jioni, anasikia maneno ya watu pale Nyabugogo, na anataka kila mtu wake awe mahali pa uhakika kabla ya lolote kutokea. Nilimwonea huruma. Lakini huruma si nikaha.

Nikamjibu nitabaki na chumba changu na cherehani yangu. Akasema nafasi haipo, nimeipima mwenyewe mbele ya fundi. Nikamwambia ipo, kwenye saloni.

Alisimama akatoka, kiatu kimoja hakijaingia vizuri. Nimemuumiza. Saloni ile ameiwaza tangu baba yuko hai, wageni walipokuwa wanakalia vitanda vyetu. Najua uzito wa nilichokiomba. Bado nakitaka.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya tatu Kaka anazungumza nami kupitia wifi. Mwambie dada yangu chai imepoa. Mwambie dada yangu mteja wake yuko nje. Na mimi nimekaa hapohapo. Wifi amechoka, leo ametuambia wote wawili tunafanana na baba yetu.

Mchana nilitafuta ramani nisiione. Niliikuta chumbani kwao nilipopeleka nguo zilizokauka. Iko kitandani, chaki yangu juu yake. Mstari umekatiza saloni. Umepinda, Kaka hajui kushika rula, na amefuta mara nyingi mpaka karatasi imetoboka. Nilipima. Upande wangu mita mbili. Saloni imebaki mita tatu. Watu wa maulidi watakaa nje.

Hakuandika chumba ni cha nani. Nililia pale, nguo mkononi. Kisha nikairudisha ilivyokuwa, asijue nimeiona.

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi ya ukungu. Tulishuka Kimisagara sote watatu. Kaka ananisemesha, maneno machache, lakini yananijia moja kwa moja. Njiani wifi aliniambia kwa chini kwamba Butare wamepelekewa jibu. Mgane amelipokea vizuri. Ameuliza tu kama kushonewa kanzu bado atashonewa. Nilicheka peke yangu mpaka kiwanjani.

Fundi alikuwa amefunga kamba upya na wachimbaji wawili wanangoja. Walianza na chumba cha Kaka, wakaja saloni, wakafika kwenye pembe, chumba changu. Hapo mbele ardhi inashuka, kila mlango unataka ngazi, kwa hiyo fundi alitaka kujua mapema.

"Hii ya hapa mlango yake iko wapi? Ndani kwa saloni, ama huku kwa njia?"

Alimuuliza Kaka, kama ilivyo kawaida. Nami nilijua jibu. Ndani. Nyumba zetu zote ziko hivyo, mwanamke anaingilia na kutokea walipo wenye nyumba. Nilikuwa nimeshajiandaa kukubali. Chumba nimepata, nitake nini tena?

Kaka alinigeukia, mikono nyuma, akangoja.

Nikasema upande wa njia, wateja wangu wasipite kwa wageni wake. Alikuna ndevu. Kisha akamwambia fundi aweke vigingi viwili pale, na ngazi tatu.