Aliyebatizwa kwa Bia

Jumanne, 14 Januari
Binti yangu Odelina amenyonya! Kidogo tu, akachoka. Siku aliyozaliwa hakulia, na maji ya ndoo yalikuwa barafu tupu. Mkunga Hersent akashika kikombe cha bia, akambatiza papo hapo. Nilishukuru.
Leo Padre Gombert kasikia. Ubatizo ni kwa maji, anasema. Lakini hana hakika, na kumbatiza mtu mara mbili ni dhambi kubwa, kwa hiyo tungoje askofu arudi. Arudi lini? Kwaresima! Na mtoto akifa kabla — atazikwa nje ya ukuta wa makaburi ya kanisa, kama asiyebatizwa.
Hersent hana habari. “Bia ya mji huu, mwanangu? Ni maji matupu ile!”

Alhamisi, 16 Januari
Odelina kaanza kikohozi. Sijatimiza arobaini, kanisani siingii. Nimesimama mlangoni kwenye theluji, nikambembeleza Padre kwa mbali. Wapi!
Nimemwambia mume wangu nitamwendea Mwalimu Landri. Fulko kawaka. Mwalimu alishachomewa na Kanisa kitabu chake, kakatazwa kufundisha dini. Akifungua mdomo tena wanamfungia monasterini. “Na ngozi zetu za kuandikia tutamuuzia nani mwingine, Emelina? Mbuzi wenyewe?”

Jumamosi, 18 Januari
Nimekwenda. Mzee ana mafua, miguu kaifukia kwenye majivu ya moto. Anasema Mungu hatazami mkono umefanya nini, anatazama moyo ulikusudia nini. Na Hersent alikusudia mema.
“Kwa hiyo kabatizwa?”
“Hapana, binti yangu. Bia ni bia.”
Nikalia. Akasema hakusema Mungu kamkataa mtoto. Nikamjibu, Mwalimu, kwa maneno hayo Padre hatanipa kaburi! Kacheka mpaka kakohoa.
Kesho baada ya misa atakwenda mwenyewe kuzungumza na Padre. Nilimwambia watamkamata. Akauliza kama mtoto ana joto usiku.
Akizidiwa, anasema, nimmiminie maji mimi mwenyewe. Yeyote anaweza, hata mama. Nianze hivi: kama hujabatizwa, nakubatiza. Hapo si kubatiza mara mbili.

Jumapili, 19 Januari
Misa imekwisha zamani. Mwalimu hajarudi. Fulko kaenda kuchungulia — mlango wa kanisa umefungwa kwa ndani, nje kuna farasi wa watu wa askofu. Ni mimi niliyemtuma mzee wa watu!
Odelina hanyonyi tangu alfajiri. Anapumua juu juu.
Nimeyeyusha theluji, nimepima joto la maji kwa kiwiko. Nakusudia nini? Kumpa Mungu, au naogopa tu ule ukuta? Nimejaribu kutenganisha, sijaweza. Mwalimu angejua.
Fulko anasema tungoje kidogo, labda watamwachia.
Nimeshamvua mtoto kofia.