Chambo cha Marehemu Kimeyeyuka Kwenye Kisanduku cha Vifungo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi, kwa sababu Jumamosi ikifika mume wangu atafungua begi lake la uvuvi, na mimi sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi rangi wa majumba, na mtoto wetu wa pekee alifariki mwaka jana kwa homa tuliyoidhania ya kawaida, tukampa vidonge tukamwambia alale, na tangu hapo nyumba yetu imekuwa kama duka lililofungwa. Mwanetu alipenda kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana anayekaa kwenye bwawa la juu ya mji, na hakuvua kwa minyoo ya kuchimba bali kwa ile ya bandia ya plastiki laini, mingine ina mkia wa kujikunja, mingine imetengenezwa kama mjusi au kamba mdogo, naye alijua ipi ni ya siku gani mpaka baba yake akampa jina la Profesa, wakawa wanakwenda huko kila Jumamosi wakibishana rangi njia nzima. Baada ya mazishi nilidhani baba mtu ataacha, wapi, anabeba fimbo ya kuvulia na begi vilevile, anarudi jioni mikono mitupu, nikimuuliza, "Leo vipi?" ananijibu, "Hawali," basi, anaoga, analala, na hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki.

Nikajisemea labda vifaa vimechoka, nikamnunulia pakiti ya ndoana mpya, akasema asante akaitia begini, na majuzi nikifanya usafi nikafungua lile begi, nikaikuta pakiti haijachanwa, na minyoo ya Profesa yote mizima, haina hata mmoja uliokatika mkia, kila aina kwenye kifuko chake, ila vifuko vimechakaa vinanata mafuta, nikasema mimi ninayepanga nyuzi kwa rangi siwezi kumwachia mume wangu fujo hii. Basi mshauri, niliitoa yote nikaipanga, nyeusi kwa nyeusi, kijani kwa kijani, ndani ya kisanduku changu cha plastiki cha vifungo, kile chenye vyumba vyumba, vifuko nikavichoma, kisanduku nikakiweka dirishani karibu na cherehani nikikitazama kilivyopendeza. Jana nimekifungua. Minyoo imeyeyuka, imeshikana, rangi zimeingiliana, imekula mpaka plastiki ya kisanduku chenyewe, ni kama uji. Nilikaa sakafuni nikalia kuliko siku ya mazishi, maana siku ya mazishi kulikuwa na wageni wa kupikia.

Wifi yangu akaniambia, "Wifi, acha kujitesa, kanunue mingine, mwanamume atajuaje mnyoo na mnyoo?" Nikaenda dukani, nikakuta ukuta mzima umejaa hiyo minyoo, muuzaji akaniuliza, "Mama, maji ya huko ni safi au ya tope? Na samaki wako juu au wamelala chini?" na papo hapo nikakumbuka kwamba mwanangu alinieleza haya mezani mara chungu nzima, na mimi nilikuwa naitikia "ehe" huku nakunja pindo. Nikatoka bila kununua kitu. Sasa niambie nichague ipi ifanane na ile, au niseme ni joto tu limeiharibu, kwa sababu akijua ni mimi ataona nimemuua mtoto mara ya pili, ataondoka, na akiondoka sina mtu.

Mimi, Fundi wa Vifungo

JIBU

Fundi wa Vifungo, pole. Pole ya mtoto kwanza, maana naona msibani watu walikupa masufuria badala ya pole.

Sasa acha nikugombeze. Nani alikutuma? Minyoo ile haichanganywi ovyo, kila mtengenezaji ana plastiki yake, na ukiilaza pamoja, tena kwenye kisanduku kisicho chake, huyeyushana. Ndiyo maana Profesa aliiacha kwenye vifuko. Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini mama, taa ulikuwa nayo. Ungeuliza.

Halafu unataka kununua ya kufanana! Mtu anayechanganya rangi kwa riziki yake utamdanganya kijani? Wifi yako mpe kazi nyingine.

Soma tena barua yako. Mimi niliolewa na mvuvi. Besi akila, mnyoo huchanika, na mvuvi wa kweli hamalizi siku bila kutupa kadhaa iliyokatika. Ya mumeo ni mizima yote mwaka mzima, na ndoana ziko kwenye pakiti. Huyo havui. Sijui kama anafunga mnyoo kwenye mshipi mtupu, usio na ndoana, na kuutembeza majini, au anakaa tu ukingoni amelikumbatia begi. Ninachojua, anaogopa samaki wasije wakamla mwanawe kidogo kidogo. Na wewe unamuuliza leo vipi.

Kuna jambo jingine umelipitisha mbio. "Tukampa vidonge tukamwambia alale." Hilo ndilo linalowafunga midomo. Kila mmoja anangoja mwenzake amwambie kosa ni lako, na nyote mmechoka kungoja.

Kwa hiyo usisubiri Jumamosi. Leo, kabla hajalala, weka kisanduku mezani kikiwa wazi, mwambie, "Baba Profesa, hii nimeiharibu mimi." Joto usilitaje. Njia ya mwongo ni fupi, na yenu imeshafika mwisho. Kisha itaje ile homa, uitaje wewe kwanza. Anaweza kupiga kelele, anaweza kutoka akabamiza mlango. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi na maneno mazuri. Wewe kaa hapo hapo mezani. Ule uji usiutupe, hilo ataamua yeye.

Jumamosi akibeba fimbo, nenda naye. Piteni kwenye duka lile. Mimi ningekuambia maji safi yanataka rangi za asili, kijani na kahawia, na maji ya tope yanataka nyeusi inayoonekana, na samaki wakilala chini utafute mnyoo mrefu unaoshuka taratibu. Lakini usiende kujitia mjuzi. Muuzaji akiuliza maji yakoje, nyamaza, mwache mumeo ajibu, na safari hii msikilize, pindo liache nyumbani. Achague mmoja tu.

Mkifika ukingoni, toa mkasi wako uichane ile pakiti ya ndoana. Samaki akila, mnyoo utakatika. Uacheni ukatike.