Zuhura, Usirudi kwa Ajili ya Kifua Changu

Kwa mke mwenzangu Zuhura,

Barua hii ikukute Utete ukiwa mzima, wewe na baba na mama. Huku Kariakoo wote wazima ukiniondoa mimi, na uzima wangu unaujua. Nakuita mke mwenzangu ingawa edda yako imekwisha na mtu yule si mumeo tena. Jina jingine sijalipata. Shoga ni wa kuchekeana naye barazani, na nikisema "mdogo wangu" humu nyumbani watu wananitazama kama niliyechanganyikiwa. Basi nakuita nilivyozoea. Umesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo isome mwenyewe, usimpe kaka yako akusomee.

Nimechoka, Zuhura. Kifua kinachosha, lakini watu wanachosha zaidi, na nina neno la kukuambia kabla hawajafika kwenu. Nitalifikia. Niache kwanza nikae na wewe kidogo.

Unakumbuka siku uliyoingia nyumba hii? Nilijifunga khanga ya mafumbo niliyokwenda kuinunua makusudi kwenye duka la Mwarabu, nikakaa kizingitini ili uisome vizuri. Ukaisoma. Kisha ukapiga goti ukasema, "Shikamoo, dada." Nikaitika marahaba nikitazama ukuta. Miezi ile ya mwanzo tulizungumza kwa sufuria. Wewe ukiweka yako kwa nguvu uani, mimi nasukuma yangu kwa nguvu zaidi, na mume wetu akirudi kutoka bandarini anajifanya hasikii.

Pumu ndiyo iliyotupatanisha, maana wazee walishindwa. Nilikuwa nayo tangu utoto. Nimekunywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani mpaka midomo ikageuka rangi yake, nimefukizwa majani yaliyonizidishia kukohoa, nimepakwa mafuta ya kila mti. Mchana mmoja kuni zilikuwa mbichi, moshi ukajaa jikoni, nikaanguka magotini huku kifua kinalia kama birika. Hukuuliza kama tunasemezana. Ulinikalisha wima, ukaniegemeza mgongo kifuani pako, ukanipepea kwa kawa la chungu. Nilipopata pumzi ya kusema, nilisema, "Niache." Ukajibu, "Sikuachi, dada, na kesho tunakwenda hospitali."

Tukaenda. Daktari akanisikiliza mgongo, akaniandikia dawa na kile chombo chake, kitumbo cha kioo cha kutilia matone, mdomo wa kuvutia, na nyuma mpira wa kubonyeza. Mume wetu alipokiona alisema ni honi ya teksi, na tangu siku ile nyumba nzima inakiita honi. Daktari alinieleza taratibu: "Kaa wima. Toa pumzi yote kwanza. Ukianza kuvuta ndani, hapo hapo bonyeza, kisha bana pumzi kidogo kabla ya kuiachia. Kiasi nilichokuandikia usikizidishe, dawa hii inakimbiza moyo. Usipoona nafuu, njoo hapa, usikae nyumbani ukibonyeza." Mimi nilitikisa kichwa kama mwanafunzi hodari. Wewe ulisimama nyuma yangu huku midomo inakwenda, ukiyarudia.

Nyumbani uhodari wangu ukaonekana. Nilibonyeza kwanza, halafu nikakumbuka kuvuta, na dawa ilikuwa imekwisha kumpata paka. Nikajaribu tena, nikavuta kwanza mpaka kifua kikajaa, ndipo nikabonyeza. Ikaishia ulimini, chungu kama mwarobaini. Mtu anayetafuta pumzi hana akili ya mambo mawili. Ukaninyang'anya honi. Ulinitazama mabega, ukangoja yashuke, na yalipoanza kupanda ukasema, "Sasa," ukabonyeza. Dawa ikaingia mpaka chini. Tangu hapo kazi yangu ikawa kuvuta na yako kubonyeza. Baadaye ulikuwa ukinisukutulisha mdomo, ukiosha kioo kwa maji yaliyochemka na kukianika juu ya kitambaa safi, mbali na mavumbi ya njia. Nguo za kazi za mume wetu ulizipokea mlangoni, ukazikung'uta vumbi la katani huko nje kabla hajaingia nazo chumbani.

Masika ya mwaka ule, Jangwani ilipogeuka ziwa na ubaridi ukatuingia mpaka kwenye shuka, tulikaa siku nzima chumbani kwangu. Ulinihadithia mlivyokuwa mkiamia ndege kwenye mpunga, ukaniigizia sauti za kuwafukuza, nikacheka mpaka ukanikataza kucheka kwa sababu ya kifua. Nilikupenda siku ile. Nilijiambia ni mazoea tu, maana mapenzi ya mke mwenza hayakuwamo katika mambo niliyofundwa na somo wangu.

Jirani yetu wa chumba cha mbele, Mama Hidaya, hakuyapenda hata kidogo. Kwanza alikuja kuazima honi kwa kikohozi chake. Humu kila kitu kinaazimwa, mbuzi ya nazi, kinu, pasi, na mimi mkono wangu ulikuwa tayari unakwenda rafuni. Wewe ukasema, "Hii haiazimwi, mama. Daktari kamwandikia mtu mmoja." Akaondoka amevimba. Jioni akanifuata msalani, akaninong'oneza, "Wewe bibi una wazimu? Pumzi yako umempa mke mwenzio aishike mkononi? Mimi hata chumvi nisingempa." Nikamwambia kama ni kuniua ungekuwa umeniua zamani, kazi yenyewe rahisi. Alidhani natania.

Sasa nifike kwenye siku ile ya sufi, ambayo sijapata kuizungumza na wewe. Mama Hidaya alikuwa akimwoza binti yake, na godoro la bi harusi likaletwa kushonwa uani kwetu. Wanawake wakakaa mikekani, wakachambua sufi, wakatoa mbegu, vigelegele juu. Nyuzi zake zikaelea kila mahali. Ulimwomba kwa adabu wahamie uwanja wa nyuma. Akasema shughuli ya mwanawe haifukuzwi na kikohozi cha mtu. Nami niliona aibu kujifungia ndani siku ya furaha ya jirani.

Kufika alasiri nilikuwa nimekwisha. Ulinibonyezea, tukangoja, ukanibonyezea tena, mpaka kiasi cha daktari kikafika mwisho. Moyo ulikuwa ukigonga kama ngoma za watoto, vidole vinatetemeka, na kifua bado kimefunga. Nikakuonyesha honi kwa mkono. Ukatikisa kichwa. Nikakuonyesha tena, nikakushika khanga. Ukasema polepole, ukiwa umeniinamia, "Basi, dada. Imetosha. Sasa ni hospitali." Ukaifunga honi kwenye pindo la khanga yako. Mama Hidaya akasimama katikati ya sufi yake akapaza sauti, "Mpe mwenzio dawa! Jamani, anamnyima dawa!" Nakumbuka uso wako ulivyobadilika. Ulitoka nje, ukamsimamisha mwenye mkokoteni wa nazi aliyekuwa akielekea sokoni, akamwaga nazi zake pembeni ya njia, ukanipandisha, nawe ukapanda nyuma yangu ili nikae wima.

Hospitali walinichoma sindano. Daktari akakuuliza nimevuta mara ngapi na tangu saa ngapi, ukamjibu bila kubabaika. Nilikuwa nimefumba macho lakini sikuwa nimelala. Nilimsikia akisema, "Umefanya vizuri kumleta. Ungeendelea kumbonyezea, moyo wake usingestahimili." Ukaniambia unakwenda kunichukulia nguo na uji. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kukuona.

Yaliyobaki niliyasikia kwa wengine. Mume wetu alirudi kutoka bandarini, akamkuta Mama Hidaya barazani, na kabla hajafika kitandani kwangu alikuwa amekwisha kukuacha. Mlangoni, na bakuli la uji mkononi mwako. Watu walisema hukulia. Uliingia ndani, ukafunga nguo zako, ukaosha honi, ukaifunga kwenye kitambaa na kuniwekea rafuni, kisha ukafuata gari la Utete. Niliporudi niliikuta. Nilikaa nayo mapajani nikalia vibaya, na kulia kwenyewe siruhusiwi.

Nilimwambia, Zuhura. Nataka ujue hilo. Nilimwambia siku ile ile, "Umemwacha mtu aliyeniokoa." Akasema neno likishatoka limetoka. Nikamwambia neno la kukurejea linatoka mdomoni humo humo, na edda bado ndefu. Akajigeuza upande wa ukuta. Nilimwambia akila, nilimwambia akivaa viatu. Nafikiri alikwisha kuniamini mapema, lakini wanaume wa barazani walikuwa wamemsifu kwa kuwa mkali, na sifa ya baraza ni ngumu kuirudisha. Edda ikaisha hivyo hivyo, mimi nikisema na yeye akitazama ukuta.

Kazi ya kubonyeza aliichukua yeye. Uliwahi kuona mtu anayeamrisha makuli siku nzima akiogopa mpira? Alikuwa akibonyeza nikitoa pumzi, akibonyeza nikikohoa, mara moja akabonyeza nikimwambia asibonyeze. Siku moja alishindwa kabisa, akaniona nimebadilika rangi, akanipeleka hospitali mwenyewe. Huko daktari akamwuliza, "Yule aliyekuwa akimhudumia vizuri yuko wapi?" Kisha akamweleza siku ile ulimfanyia nini mkewe. Alirudi nyumbani kama aliyepigwa, na mpaka leo hajawa sawa.

Basi neno lenyewe ni hili. Baada ya Ijumaa kaka mkubwa wa mtu yule atakuja kwenu na mtu mwingine kukuposa upya. Ni ndoa mpya, hawawezi kukuchukua bila ridhaa yako. Nimewasikia wakipanga maneno barazani. Hawatasema kuwa mume alikosa. Watasema bi mkubwa anakufa, hana wa kumshikia dawa, anakulilia wewe, ukikataa na akafa utajijua na Mungu wako. Nakujua ulivyo. Utafunga nguo zako kabla hawajamaliza kahawa.

Mimi sifi, Zuhura. Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwambia anifundishe tena kama mtu asiyejua kitu. Alinipa honi yenye kioo kisichotiwa dawa, akaniambia nijizoeze nayo. Nikakaa mbele ya kioo cha kabati asubuhi baada ya asubuhi, nikitazama mabega yangu. Mkono ulikuwa na haraka, ukitangulia. Nikaufundisha kungoja. Sasa natoa pumzi yote, naanza kuvuta, nalisema neno lako moyoni kwa sababu mdomo una kazi, nabonyeza, nabana, naachia. Kiasi sikizidishi. Kisiponitosha, dereva teksi wa pale kona anajua pa kunipeleka. Mikono inachoka, sikufichi, na siku nyingine naichukia honi kama mke mwenza wa kweli. Lakini inaingia mpaka chini.

Sitaki kukudanganya kuwa sikutaki. Nyumba imenyamaza vibaya. Nikisikia sufuria ikiwekwa chini uani nageuka. Kama bado unamtaka mtu yule, rudi, lakini mkalishe mbele ya baba yako, aseme kwa mdomo wake kuwa alikudhulumu, na masharti yako yaandikwe. Kama humtaki, sema humtaki, umri bado unao, na pumzi yangu haitakuwa deni shingoni mwako. Usiolewe ukawe mkono wa kubonyeza mpira. Nililetewa mke mwenza bila kuulizwa, lakini sitakubali uletwe kwa kisingizio cha ugonjwa wangu.

Wakikuambia sijiwezi, waonyeshe barua hii. Nimeiandika leo tangu asubuhi, na katikati yake pumu ilinijia. Niliweka kalamu chini, nikavuta dawa yangu, nikangoja, nikaichukua kalamu tena. Sikumwita mtu. Rudia kuisoma utafute ni wapi nilipokatia, hutapaona.

Nisalimie wazazi, na mpunga ukiiva unikumbuke.

Ni mimi,
mke mwenzio mkubwa.