Mashine Yako Imejibu

Yaya Kambale,

Juzi asubuhi ulinitisha. Unisamehe maneno yakirukaruka.

Nilifika ofisini, hapa hapa Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, nikaweka maji ya chai na kuendesha ile programu ya ukaguzi inayozunguka tovuti yote na kusema kilichoharibika. Ndivyo ulivyonizoesha, Yaya, kaka yangu mkubwa wa kazi: kabla ya kusalimia watu, salimia tovuti. Tangu ulipotutoka, ripoti yake ilikuwa ileile. Mistari miwili myekundu. Skripti haipatikani. Faili la mitindo halipatikani. Na katika kila mstari, anwani ya mashine yako, kompyuta yanakokaa mafaili hayo ya utafutaji na rangi, ile uliyoiweka kwa mama yako Goma kwa sababu huku kwetu umeme unakatika ovyo na kule ulikuwa haukatiki.

Juzi mistari haikuwepo. Ripoti ilikuwa safi. Nikafungua ukurasa: sanduku la kutafuta linatafuta, majina yamejipanga, kichwa ni cha kijani, kijani chako cha sombe, cha majani ya muhogo, ambacho nilikicheka siku ulipokichagua. Yaya, nilipiga kelele. Nilitoka nje bila viatu, nikamwambia yule mama jirani anayeuza vitenge, "Yaya iko! Yaya iko muzima!" Naye alikuwa nasi kwenye kilio chako. Alinishika mabega akanikalisha kwenye kiti chake.

Ngoja nikuambie na yale ambayo hukuyaona.

Ulipoenda Goma kumchukua mama yako, uliniachia tovuti ya wafanyabiashara wenu wa Kivu Kaskazini, ile ya safari za malori na bei za maharagwe. Kisha vita vikaingia mjini kule, simu zikanyamaza, na wakubwa wa chama chao wakaniomba niigeuze: aliyepata habari za ndugu yake aandike jina, anayetafuta atafute. Hukuwahi kuuona ukurasa huo ukijaa. Ulijaa mara moja. Watu wa mtaa wa Bel-Air, watu wa huku kwetu, madereva waliokwama njiani, wote waliingia humo.

Halafu mchana mmoja ukurasa ukafunguka uchi. Hakuna rangi, hakuna safu, majina yamelundikana, sanduku la kutafuta limekufa. Nikafuata maneno yako: "Usiguse kitu. Kwanza uulize faili kama iko, ndio utengeneze." Nikakagua njia ya faili, nikakagua herufi kubwa na ndogo za jina lake, mwishowe nikafungua anwani ya faili peke yake. Kimya. Mashine haikujibu. Nikakukasirikia, Yaya! Nikakuandikia, "Yaya, umezima ordinateri, ile mashine ya kwa mama?"

Jioni mjomba wako alikuja kutoka mtaa wa Hewa Bora. Hakukaa. Alisema umeme ulikatika kule, maji nayo yakakatika, ukaenda ziwani kuchota, risasi ikakukuta njiani. Alisema ulikuwa na bidoni, dumu la maji, mkononi.

Bidoni. Sielewi mpaka leo. Mtu anatoka na bidoni ya njano, na ndiyo basi?

Kilio tulikifanya kwa mjomba, bila jeneza, picha yako tu juu ya meza. Wenzangu walilia. Mimi macho yalikuwa makavu, nawaza kwamba ile mistari myekundu ilinipa habari kabla ya mtu yeyote, na mimi nikaisoma kama kosa la kazi.

Na kopi ya mafaili haikuwepo! "Kopi mbili zinagombana," ndiyo sheria yako, kila faili na mahali pake pamoja. Basi mahali pako hapo pamoja palikuwa kwa mama, na huku sikuwa na kitu. Watu walikuja mlangoni nikawa nawasomea majina kwa sauti, tangu juu mpaka chini. Anayesikia jina la ndugu yake anakaa chini palepale barabarani. Sauti iliniishia. Jina lako nililiandika mwenyewe, sikumwachia mtu, lakini kila nikilifikia nilikuwa naliruka, nasoma linalofuata.

Kwa hiyo juzi, nilipopata pumzi kwenye kile kiti, nilipiga simu ya mama yako, ambayo tangu msiba haikuwa inapita. Ikaita. Akapokea mwenyewe.

"Ni mie niliwasha, mutoto wangu. Umeme umerudi. Aliniambiaka, mama, kale kamwangaza ka mashine kasizimike. Sasa nakawasha kila asubuhi." Kisha akauliza, "Kanatumika?"

Nikasema, "Kanatumika, mama." Hapo ndipo nilipolia, Yaya. Nililia mpaka chai ikapoa.

Hataki kuja huku. Anasema hawezi kukuacha peke yako kule.

Siku hiyohiyo nilivuta mafaili yote nikayaleta Lubumbashi kabla umeme haujanifanyia vituko. Kopi mbili sasa, zigombane tu. Skripti iko huku, safu ziko huku, anayetafuta ndugu yake atatafuta hata Goma ikilala gizani. Lakini faili moja dogo nimeliacha kwenye mashine yako, na ukurasa unaliomba kule kila unapofunguka. Ndani yake kuna jambo moja tu, kijani cha kichwa. Mama akiwasha, kichwa ni kijani. Asipowasha, ni cheusi, na programu italalamika kwa mstari mwekundu. Fundi yeyote angeniambia niliondoe. Ungeniambia hata wewe.

Siliondoi. Simu ya mama inapita leo, kesho haipiti. Siku kichwa kitakapokuwa cheusi, nakuahidi sitagusa kitu. Nitauliza kwanza kama mama yupo. Nitapiga, nitatuma madereva, nitamsumbua mjomba, mpaka mtu abishe mlangoni kwake. Sitakasirika tena kwanza.

Pumzika, Yaya. Maji ya kuchota yamekwisha, weka bidoni chini.

Leo asubuhi kichwa ni kijani.

Mdogo wako wa kazi,
Ngoie