Koma Yako, Papa Deo

Papa Deo,

Mazishini kwako mhubiri alisema ulikuwa mtu mpole, mwenye subira na kila mtu. Nilitazama chini nisicheke. Wewe, mpole? Wewe uliyemwambia Ba Mulenga, nesi mkuu wa kliniki yetu na mama mwenye wajukuu, kwamba anabonyeza kompyuta kama anatwanga muhogo? Watu walilia, nami nililia, ila mimi nilikuwa namlilia yule mtu wa dharau aliyenifundisha kazi. Huyo wa mhubiri simjui.

Kwa hiyo usitegemee barua ya kukubembeleza. Nimekukasirikia na nitakueleza kwa nini. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kibemba chako kilikuwa cha kuchekesha, na Kifaransa ulikitumia kututisha tu.

Unaikumbuka programu ya dozi za watoto. Utaisahau vipi, ulijisifu nayo Nchelenge nzima mpaka wauza samaki wakaijua. Uliiandika kwa ile lugha ya kompyuta, Basic ya madirisha, umevaa koti la suti ulilovuka nalo ziwa kutoka Kongo, jenereta ikinguruma nyuma ya jiko la kliniki. Nesi anaandika uzito wa mtoto kwenye kisanduku, anabonyeza kitufe, dirisha linamwambia ampimie dawa ya malaria kiasi gani. Mimi nilikuwa mpokea wagonjwa mlangoni. Uliniketisha pembeni yako ukasema nijifunze, kwa sababu manesi wote wana vichwa vya kambale. Hata mke wako ni nesi, na alikuwa amesimama pale pale.

Halafu ukatia koma yako. Kwenu kilo saba na nusu huandikwa 7,5. Kwetu ni 7.5, kwa nukta, tangu shule ya msingi. Kompyuta hukubali kupangwa kwa desturi yoyote kati ya hizo, na wewe, mgeni uliyefika juzi, uliipanga kwa desturi ya kwenu. Ba Mulenga akiandika nukta, dirisha la kosa linamrukia usoni. Ulisimama nyuma ya kiti chake ukamwambia, "Mama, nukta ni ya kumaliza maneno. Kilo tunaikata na virgule." Ukabandika karatasi juu ya skrini: KOMA, kwa herufi kubwa, kama tangazo la mbwa mkali. Nilikuambia ni mistari michache tu, programu ikubali zote mbili. Ulijibu kwamba watu ndio wajifunze. Ukarudi kwenye sigara yako.

Basi sikia yaliyotokea wewe ukiwa umelala huko.

Mvua za kwanza baada yako zilikuja na radi, na kompyuta ikazimika. Wakaipeleka mjini Mansa kwa mtaalamu wao. Ikarudi imefutwa yote na kupangwa upya, programu yako imerudishwa kutoka kwenye disketi uliyoniachia, na mashine nzima sasa inafuata desturi ya Zambia. Nukta. Ba Mulenga alijaribu, ikakubali, akaichana karatasi yako mbele ya wagonjwa. Alifurahi siku hiyo kuliko siku alipomwoza binti yake.

Ila mke wako, Mama Beatrice, alisomea unesi Lubumbashi, na vidole vyake haviulizi mashine imepangwa na nani. Aliendelea na koma. Na hapa ndipo ninapokudharau kweli, Papa Deo, wewe na mashine yako. Mashine ya koma ikipewa nukta hupiga kelele. Mashine ya nukta ikipewa koma hainung'uniki kabisa. Inadhani hiyo koma ni ile ya kutenganisha maelfu, inaimeza, inaendelea. Saba na nusu ikawa sabini na tano. Mtoto wa kubebwa mgongoni akawa mwanamume mwenye kitambi.

Na kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu ulipenda skrini safi. Kitufe kikibonyezwa, kisanduku cha uzito kinajifuta, inabaki dozi peke yake, imekaa katikati ya dirisha kama chifu. Nilikuuliza mtu atajuaje programu imesoma nini. Ulisema skrini chafu ni ya mtu mwenye akili chafu.

Mgonjwa wa kwanza wa Mama Beatrice kwenye mashine iliyorudi alikuwa mtoto mwenye homa, aliyeletwa na mama mmoja wa kijiji cha Kabuta. Baba aliendesha baiskeli ya kubebea samaki, mama nyuma na mtoto. Mama Beatrice akapima, akaandika, akabonyeza, akamimina dawa kikombeni. Aliona dawa ni nyingi, aliniambia baadaye, lakini chupa zilikuwa za aina mpya, akadhani hii ni nyepesi. Na hesabu ilikuwa imetoka kwenye programu yako. Kwa kuwa ni yako, aliiamini kuliko macho yake. Yule mama hakuwa na sababu ya kukuamini. Alikitazama kikombe, akasema hii ni ya mtu mzima, akamfunga mtoto mgongoni na kwenda nacho mpaka kwa Ba Mulenga bila kumwaga hata tone. Mtoto hakunywa. Mwambie Mungu asante, kama mnaongea.

Mama Beatrice akaambiwa akae nyumbani mpaka jambo liamuliwe. Uamuzi wenyewe ulikuwa umeshapita midomoni mwa watu: yule Mkongomani hajui hesabu, atatuulia watoto. Watu aliowazalisha ndio waliosema hivyo, wakiwa wamesimama sokoni na watoto wenyewe mikononi.

Wakamwita mtaalamu wa Mansa. Laiti ungemwona, mngependana. Viatu vinang'aa, funguo nyingi kiunoni, na hata huko Mansa sidhani ana milango yote hiyo. Aliketi, akaandika 7.5, dozi ikatoka sawa. Akaandika nyingine kwa nukta, ikatoka sawa. Akasema mashine ni nzima, kosa ni la yule nesi. Hakuomba Mama Beatrice aitwe. Alifungiwa samaki wa kwenda nao, akawabana nyuma ya gari, akaondoka.

Nikakumbuka swali lako, lile nililolichukia. Kila nilipokuja kusema programu imekwama, dirisha halifunguki, kitufe kimekufa, hukuinua hata kichwa. "Ulijionea we mwenyewe, ao walikuambia?" Nikisema nimeambiwa na nesi, unanirudisha. Simama nyuma yake, tazama vidole, usiseme kitu. Nilirudi mara nyingi nikikutukana kimoyomoyo, na kila mara nilikuta kosa kwenye vidole, mahali ambapo nesi mwenyewe hakujua kuna jambo la kusimulia.

Nikaenda nyumbani kwako. Mama Beatrice alikuwa amekwisha kufunga nguo kwenye kitenge, anangoja boti ya wafanyabiashara arudi kwao Kongo. Hakutaka kuja. Alisema hana haja ya kuonyeshwa tena kosa lake. Nilimvuta mkono, Papa Deo, mama mtu mzima, nikamvuta mkono barabarani, watu wakitazama.

Nilikuwa nimeongeza mstari mmoja kwenye programu, wa kuonyesha pembeni ile namba iliyosomwa. Nikamketisha, nikasimama nyuma. Nikamwambia afanye kama kila siku, mtoto wa Kabuta, uzito ule ule. Akaandika saba, akaandika koma bila hata kuitazama, akaandika tano. Akabonyeza. Pembeni ikatokea 75.

Aliisoma ile namba. Halafu akasema, "Deo." Basi, jina lako tu, kama anavyokuita mtu aliyekukuta umelala umeacha mlango wazi.

Nilikutukana wakati ule, na maneno hayo sitayaandika hapa. Mke wako alikuwa anafungasha kwa ajili ya koma yako. Siyo radi, na siyo mtu wa Mansa peke yake, ingawa naye simwachii. Ulijua kwamba ukingo huu wa ziwa una watu wa desturi mbili. Uliishi katikati yao, ulikula kwao, ukaandika programu ya mtu mmoja, na huyo mtu ni wewe. Ulitudharau, Papa Deo. Uliokuwa unawadharau ndio waliokuzika.

Ba Mulenga alikuja akaona. Nilimwandikia koma mbele yake, nikamwandikia nukta. Akasema Mama Beatrice aanze kazi kesho. Hakuomba radhi. Asubuhi yake alimpelekea chai mezani, na sukari, akaondoka. Mtaalamu wa Mansa alipelekewa habari kwa redio, akajibu kwamba tangu mwanzo alishuku hivyo hivyo.

Nimeirekebisha. Koma inapita, nukta inapita. Kisanduku hakijifuti tena, uzito unakaa pale pale kwa herufi kubwa kuliko dozi yenyewe, na skrini ni chafu, ungeichukia. Jina lako nimeliacha kwenye dirisha la kwanza. Ba Mulenga alitaka liondoke. Nilikataa, nikamwambia libaki ili tujue wa kumlaumu.

Na nimetia kidirisha kimoja. Uzito ukizidi wa mtoto, kinaruka katikati, kila kitu kinasimama, hakuna kitufe kingine kinachosikia mpaka ukijibu. Nilimwomba Mama Beatrice ajaribu. Nikamwambia aandike sabini na tano, makusudi. Akaandika, akabonyeza. Kikaruka na maneno niliyokiandikia:

*Kilo 75. Ulijionea we mwenyewe, ao walikuambia?*

Akaweka mkono mdomoni. Wagonjwa walikuwa benchi zima nje, mtoto mmoja analia. Nikamwambia, mama, bonyeza, hakitaondoka chenyewe, na mashine yote imesimama. Akasema, "Acha kwanza."

Basi tukakiacha.

Pumzika, Papa Deo. Umeniachia mke mwenye koma na kliniki yenye nukta, na nimewapatanisha bila msaada wako. Nakuahidi jambo moja, ingawa hukustahili: maadamu mimi niko kwenye kiti hiki, kile kidirisha sitakifuta, na atakayetaka kukifuta, hata akitoka Mansa na funguo zake zote, itabidi kwanza asimame nyuma ya Mama Beatrice atazame vidole.

Mwanafunzi wako,
Chola