Maziwa ya Mama Sekela Hayana Maji

Alhamisi, mwezi wa nne. Mvua ilianza kabla sijaamka, na sasa ni saa kumi jioni bado ipo, ile ya Tukuyu isiyo na haraka, kama mgeni aliyeshafungua begi.

Naandika nikiwa dukani Ibighi, nyuma ya kabati la simu mbovu. Leo nina aibu. Mlionizoea mtashangaa. Ila itabidi nijisifu kidogo kwanza, maana bila sifa zangu kisa chenyewe hakieleweki.

Shule niliishia kidato cha pili. Natengeneza simu kwa Bwana Shabani, mwenye duka hili, ambaye maneno yake ya siku nzima hayafiki yangu ya dakika tano. Na Jumanne, mimi huyu huyu, nilisimamisha kwenye kompyuta moja kuukuu mtandao wa kumbukumbu ambao makampuni huko mjini huweka timu ya watu kuusimamisha. Wenyewe wanauita blockchain. Kuna watu wana digrii, wana hadi picha ya joho ukutani, hawajafika hapo.

Basi, nimemaliza. Karibu.

Shida yenyewe ni ya kwetu Kisondela. Asubuhi wakulima wanapeleka maziwa kituoni. Bupe, karani, anatumbukiza kipimo, yakiwa sawa anayamimina kwenye keni, na dereva anazipeleka keni kiwandani. Siku kiwanda kikisema maziwa yana maji, vita inaanza. Kiwanda kinasema ni dereva. Dereva anasema ni wakulima. Wakulima wanasema kiwanda kina kisima chake.

Nikawaambia wakulima kwenye kikao cha kituo: tuwe na daftari moja lenye nakala tatu, ya wakulima, ya dereva na ya kiwanda. Kipimo hakiingii mpaka pande zote tatu zikubali. Kikishaingia, hakifutiki. Hilo neno nililirudia mara nne, nikiwa nimesimama, mkono mmoja mfukoni. Hakifutiki.

Mama Sekela akauliza kutoka benchi la nyuma, "Na wewe ukikosea?"

"Mimi sikosei, mama."

"Hata shuleni ulisema hivyo hivyo."

Kikao kizima kilicheka. Mimi pia nilicheka, ila kicheko cha meno tu.

Mama Sekela ni jirani yetu. Ana ng'ombe wawili, na ndiye aliyekuwa ananipa kikombe cha mgando nikitoka shule, enzi hizo nikiwa na shule ya kutoka. Hilo naliandika sasa hivi. Jumanne sikulikumbuka.

Nilianza kujenga wiki iliyopita. Kompyuta ilikuwa na kumbukumbu ndogo, nikachomoa kipande kutoka kwenye maiti ya kompyuta nyingine humu dukani nikapachika. Nikaondoa mfumo wa zamani nikaweka Linux. Kisha nikaanza kushusha makontena, yaani vile visanduku vya programu ambavyo kila kimoja kinajiona ni kompyuta inayojitegemea. Kimoja kiwe mkulima, kimoja dereva, kimoja kiwanda, na kimoja cha nne kipange foleni. Bando liliisha mara mbili. Umeme ulikatika nikiwa nimebakiza kipande kama kucha.

Halafu ikagoma. Siku mbili inaniambia vyeti havikubaliki. Kila upande una cheti chake cha kuthibitisha kwamba ndiye yeye, na mashine ilisema vyeti vyote muda wake haujaanza. Nilifuta, nikaweka upya, nikafuta. Nilianza kuwalaumu walioandika maelezo. Bwana Shabani, bila kuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa anaichomea waya, akasema, "Hiyo saa yako inasemaje?"

Nikaangalia pembeni ya kioo. Kompyuta ilikuwa inaamini tuko mwaka niliokuwa darasa la tatu. Kibetri cha ndani kilikufa, ikizimwa inasahau tarehe. Vyeti vilikuwa vya leo, mashine ilikuwa ya zamani, sasa itavikubalije? Nikaweka kibetri kipya. Ni kidogo kama kifungo cha shati. Mambo yakakubali yote.

Nilitoka nje nikacheza peke yangu kwenye mvua. Mama muuza ndizi wa mbele ya duka ni shahidi.

Sasa sikiliza kosa.

Ukishasimamisha mtandao unatakiwa kuweka rekodi za majaribio. Zile zinazokuja na mafunzo zilikuwa za magari ya rangi rangi na majina ya Kizungu. Nikaona ushamba. Nikaweka za kituo chetu: majina ya watu, lita, kipimo, tarehe ya siku hiyo. Rekodi sita nikaziandika vizuri. Ya saba, mkono ukaniwasha. Nikaandika: Mama Sekela, lita nane, yana maji, yamekataliwa.

Nikacheka. Nikasaini kama mkulima. Nikasaini kama dereva. Nikasaini kama kiwanda. Ikaingia.

Ilikuwa utani wangu na kioo. Hakuna aliyepangiwa kuuona.

Jana Bupe akapita dukani kubadilisha kioo cha simu. Ungekuwa wewe ungenyamaza? Mimi nilimvuta kiti. Nikamwonyesha visanduku vinavyopumua, nikamwonyesha orodha, nikamweleza hadi akaanza kupiga miayo. Sikumwambia kwamba rekodi ni za kubuni, nilikuwa bado kwenye sehemu ya kujisifu. Simu yake ilipopona akapiga picha ya kioo cha kompyuta, akaituma kwenye grupu la kituo na maneno haya: "Kijana wetu ameanza kazi." Kwa nia njema kabisa. Hakusoma mistari.

Wenzake walisoma.

Leo asubuhi kituoni, zamu ya Mama Sekela ilipofika, Bupe alishika kipimo apime kama kawaida. Dereva akaweka mkono juu ya mdomo wa keni. Akasema yeye habebi maziwa ambayo daftari lisilofutika limeshasema yana maji. Bupe akamwambia ngoja kwanza nipime. Foleni ikanung'unika, mvua inanyesha, watu wana safari zao. Mtu mmoja akasema kumbe ndiye anayetuponza siku zote. Mama Sekela akafunika ndoo yake akaondoka.

Hakwenda nyumbani. Alipanda bodaboda na ndoo mapajani mpaka hapa Ibighi.

Aliingia saa tatu, kanga imelowa mpaka mabegani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akamsalimia Bwana Shabani kwanza, vizuri, akamuuliza habari za mke na watoto. Ndipo akaiweka ndoo juu ya kaunta, mbele ya kompyuta, akafungua mfuniko.

"Gwe Gwamaka," akaniita kwa Kinyakyusa, yaani wewe Gwamaka. "Tumbukiza hiyo mashine yako humu inionyeshe maji yako wapi."

Akanieleza yaliyotokea kituoni, polepole, hakuacha kitu. Nilitaka kusema ni utani. Nikageukia ninachokijua: nikaandika amri moja, nikabonyeza. Visanduku vikaanguka kimoja kimoja, mkulima, dereva, kiwanda, mpanga foleni. Kioo kikabaki cheusi.

"Nimefuta yote, mama. Hakuna kitu tena. Tazama."

"Si ulisema hakifutiki?"

"Kwenye lile la kweli. Hili ni la majaribio. Hapa mkulima ni mimi, dereva ni mimi, kiwanda ni mimi."

"Kwa hiyo mliokaa kikao mkakubaliana kwamba maziwa yangu yana maji ni wewe watatu."

Bwana Shabani akakohoa, kile kikohozi cha kuficha kicheko. Mimi sikucheka.

"Na mmoja wenu hakupinga?" akauliza Mama Sekela.

Nimejenga mfumo mzima ili mtu mmoja asiweze kumwandika mwenzake uongo. Mtu wa kwanza kuutumia kumwandika mwenzake uongo ni mimi niliyeujenga. Na uliniruhusu, kwa sababu nilikuwa nimekalia viti vyote.

Nikamwambia nitaandika kwenye grupu sasa hivi, mbele yake. Nikaandika kwamba ilikuwa rekodi ya majaribio, utani wangu, maziwa ya Mama Sekela hayana tatizo. Majibu hayakuchelewa. Mmoja: "Utani una lita na tarehe?" Mwingine: "Amekuletea ndoo nzima ufute?" Dereva yeye aliandika neno langu mwenyewe, "Hakifutiki," na vichwa vitatu vya kucheka. Bupe aliandika pole, likapita katikati yao bila kuonekana.

Nilimsomea Mama Sekela yote. Nilitaka kuruka la ndoo, nikaona hapana, leo nisiruke kitu.

Kisha akasema kitu ambacho hakikuwa na hasira, na ndicho kilichoniumiza. Akasema mwaka mumewe alipofariki, watu walimshauri auze ng'ombe, atawawezaje peke yake. Hakuwauza. Akasema ana kitu kimoja tu pale kituoni: akifika, Bupe huwa anapima haraka, kwa sababu anajua.

"Kesho atapima polepole," akasema.

Bwana Shabani akainuka, akachota maziwa kwa kikombe, akaweka sufuria kwenye jiko lake la nyuma na majani ya chai. Hakuweka maji hata tone. Akatuletea vikombe vitatu. Utando ulikuwa mzito kama blanketi. Alikunywa, akafuta masharubu, akasema, "Mimi nimeshapima." Akarudi kwenye simu zake. Kwa Bwana Shabani hiyo ni hotuba.

Nikamuuliza Mama Sekela nimfanyie nini. Nilitegemea aseme nimwombe radhi, hapo niko vizuri, naweza kumwomba mtu radhi mpaka akaniomba yeye.

"Maneno unayo mengi, baki nayo," akasema. "Kesho njoo mlangoni kwangu ubebe ndoo. Wewe mbele, mimi nyuma, mikono mitupu. Ukifika kituoni umwambie Bupe apime, wewe umeishika. Halafu useme nani aliyetia maji."

"Nani aliyetia?"

"Wewe. Kwa vidole."

Akaondoka na ndoo yake. Mlangoni akamwambia Bwana Shabani "ndaga fijo" kwa ajili ya chai, asante sana ile ya Kinyakyusa inayotoka moyoni. Mimi hakuniaga.

Mchana nimejenga upya. Amri ninazijua kwa kichwa sasa, ilichukua chini ya saa moja, na kwa mara ya kwanza sikumwita mtu aje aone. Rekodi za majaribio safari hii ni za Mkulima wa Kwanza, Mkulima wa Pili, mpaka wa Saba. Hawana majina, hawana ng'ombe, hawana majirani.

Halafu nikasoma ukurasa wa mafunzo ambao wiki iliyopita niliuruka, kwa kuwa niliona haunihusu. Unahusu kukosea. Unasema kwenye daftari la kweli huandiki juu ya kosa wala hulitoi. Unaongeza rekodi nyingine ya kulisahihisha, na hiyo nayo haiingii mpaka wale wale wanaohusika wakubali. Kosa linabaki hapo hapo likisomeka, na chini yake masahihisho.

Nimeusoma mara tatu. Nimegundua swali aliloniuliza Mama Sekela kikaoni lilikuwa swali la kazi kabisa. Lilikuwa na ukurasa wake. Mimi nikamjibu kwa mbwembwe.

Kesho dereva atakuwepo. Foleni nzima itakuwepo. Sijui kama watakubali. Mtu aliyezoea kucheka nami atacheka tu, na anayependa kuamini mabaya hatabadilishwa na kipimo. Dereva akiweka tena mkono juu ya keni, sina amri ya kumwondoa.

Nimejaribu kupanga nitakachosema. Mimi, mwenye maneno. Nimeandika mistari kumi nikafuta tisa. Uliobaki ni huu: rekodi ile niliiandika mimi peke yangu, na ilikuwa ya uongo. Nitausema na ndoo mkononi, kwa hiyo safari hii mkono hautakuwa mfukoni.

Kutoka kwa Mama Sekela mpaka kituoni ni mteremko wa udongo mwekundu katikati ya migomba, na kwa mvua hii unateleza kama sabuni. Lita nane. Nikianguka nimemalizika, maana hakuna atakayeamini kwamba sikumwaga makusudi.

Bwana Shabani ameniazima mabuti yake bila kuombwa, ameyaacha tu karibu na kiti changu. Yananizidi namba mbili. Nimeyajaza magazeti kwenye vidole na nimekuwa nikitembea nayo humu dukani tangu saa tisa, huku na huku, na ndoo ya maji mkononi, najifunza kutomwaga.